Deni la Msomi

Swali tunalotaka kulichungua leo huulizwa kwa sauti ndogo. Huulizwa katika vijiji vilivyo kando ya ziwa la Tshangalele, na huulizwa vilevile katika vyumba vya kupanga mjini Likasi. Kule kijijini wazazi husema: "Mtoto wetu tulimsomesha mpaka chuo kikuu. Mbona haleti kitu?" Na huku mjini kijana mwenyewe, aliyekwisha kupokea diploma yake, hujiuliza: "Nitarudije nyumbani mikono mitupu?" Basi hawaonani. Wazazi wangoja, na kijana ajificha. Kati yao hapana ugomvi, lakini upendo wapoa siku kwa siku, kama bukari iliyoachwa mezani bila kufunikwa.

Je, kijana huyu ana deni? Na kama analo, atalilipa kwa nini, naye hana fedha? Tuyatazame mambo haya pole pole, tusimhukumu mtu upesi.

Nani aliyelipa?

Yafaa kwanza tujue fedha za masomo zilitoka wapi. Ziwa la Tshangalele halikuwako tangu zamani. Kati ya mwaka 1926 na 1930 Wabelgiji walijenga boma la Mwadingusha kuuzuia mto Lufira, ili wapate umeme wa kuendeshea viwanda vya shaba. Maji yakaenea bondeni, samaki wakazaliana, na watu wakaja kuvua. Hata leo umeme wa Mwadingusha wapita juu ya vijiji vingi kwenda mbali, na chini ya nyaya zake akina mama wapika kwa kuni na makala. Umeme ulikwenda migodini. Samaki walibaki kwa wanakijiji, nao ndio waliowapeleka watoto shuleni.

Tumfikiri mama mmoja wa huko. Huamka saa kumi za usiku kuwangoja wavuvi ufukoni. Hununua samaki, huwapasua, huwatia chumvi, huwakausha juu ya moshi unaomtoa machozi. Kisha samaki hao hupelekwa Kapolowe kwa baisikeli, na kutoka huko mpaka Likasi au Lubumbashi. Faida inayobaki ni kidogo, na hiyo kidogo haikuwa yake. Ilikuwa ya shule.

Tena hakulipa kaye na kalamu tu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwapa walimu mishahara ya kuwatosha, wazazi wa Kongo waliombwa kuchanga ili mwalimu apate kuishi. Mchango huo uliokusudiwa kuwa wa muda mfupi ulidumu karibu miaka thelathini, hata mwaka 2019 Serikali ilipoondoa malipo katika shule za msingi za umma. Kwa hiyo tukisema kwamba mkate wa mwalimu ulitoka katika kikapu cha samaki, hatusemi kwa mfano. Ndivyo ilivyokuwa.

Nao wazazi walikuwa na sababu ya kujinyima. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwapa wafanya kazi wake nyumba, posho, dawa, na shule kwa watoto wao. Mwaka 1967 mali yake ya Katanga iliingia mikononi mwa Serikali, na kampuni iliyoirithi ikaitwa baadaye Gécamines. Watu waliona kwa macho yao: aliyesoma aliandikwa kazi, na aliyeandikwa kazi alikula pamoja na jamaa yake yote. Lakini mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uchimbaji ukapungua sana, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanya kazi zaidi ya elfu kumi waliondoka Gécamines kwa malipo ya mara moja. Njia waliyoiona wazazi ilifungwa kabla mtoto hajafika mwisho wake.

Basi, nani aliyemdanganya mwenziwe? Hapana. Mtu akipanda mahindi kwa kuitegemea mvua ya miaka yote, na mwaka ule mvua isinyeshe, hatumwiti mpumbavu, wala hatulipigi shamba.

Neno "kazi"

Kuna neno moja linalotutia matatani, nalo ni neno "kazi". Katika miji yetu ya Katanga tumezoea kuita kazi kile tu kinacholipwa mwisho wa mwezi. Mwulize mtoto wa shule: "Mama yako anafanya kazi gani?" Atajibu: "Hana kazi." Naye mama huyo aliamka saa kumi za usiku, akashinda motoni, akawalisha watu saba! Baba aliyeketi ofisini bila kupokea mshahara miezi minane, huyo husemwa ana kazi.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi yatoka kwanza katika mtu aifanyaye, kabla ya kuangalia kitu kinachofanywa. Tukilishika fundisho hilo, twaona kosa la usemi wetu. Kijana akisema, "Sipati mshahara," anasema kweli, na hiyo ni dhuluma ya kweli kwa nchi inayochimba mali nyingi hivi. Papa Leo XIII alikwisha kutetea haki ya mshahara mwaka 1891, nasi hatuitupi haki hiyo. Lakini kijana akisema, "Sina la kufanya," hapo amejidanganya. Na akisema, "Mimi si kitu mpaka niandikwe kazi," amemtukana shangazi yake bila kujua, maana yeye hakuandikwa popote, na ndiye aliyemsomesha.

Jikoni

Twamfahamu kijana mmoja wa kando ya ziwa, aliyesoma kemia mjini Lubumbashi, kisha akakaa Likasi akitafuta kazi. Jina lake hatulisemi. Alikuwa na chumba kimoja, godoro, vitabu vyake, na mbabula ya kuazima. Asubuhi alipeleka barua za kuomba kazi. Jioni alinunua chakula kilichopikwa njiani, kwa kuwa mapishi hakuyajua. Tangu utoto aliambiwa, "Wewe soma tu," na dada zake ndio walioshika mwiko. Fedha zikapungua. Alipopiga hesabu aliona kwamba bei ya sahani chache za njiani ingemtosha kwa unga wa juma zima. Ndipo njaa ilipomfundisha kupika.

Bukari yake ya kwanza ilikuwa mabuje matupu, chini imeungua na ndani unga mbichi. Aliila hivyo hivyo, maana hakuwa na nyingine. Siku ya tatu alikwisha kujua kwamba unga hautiwi wote kwa mara moja, na kwamba mkono usichoke kusonga. Siku nyingine akanunua sombe, na hapo akaogopa. Katika mtihani alikuwa ameandika vizuri kabisa kwamba majani mabichi ya muhogo huzaa sianidi, sumu kali, na kwamba kuyatwanga na kuyachemsha huiondoa. Lakini achemshe mpaka lini? Afunike sufuria au aiache wazi? Mawese yatiwe wakati gani? Hayo mwalimu hakumwambia. Akachukua simu akampigia shangazi yake kijijini, ambaye kwa miezi mitano hakuthubutu kumpigia kwa haya.

"Ee baba, kumbe uko hai!" alisema shangazi. Hakuuliza habari za fedha. Alicheka sana aliposikia neno la sombe, kisha akamwambia: "Twanga kwanza mpaka yalainike. Chemsha bila kufunika, tena usiwe na haraka, mpaka harufu ya ubichi iishe kabisa. Mafuta ni ya mwisho. Na kesho nipigie, uniambie yalikuwaje."

Wasomaji, tuliangalie tendo hili dogo. Kijana alilijua jina la sumu, lakini hakuijua saa ya kuepua chungu. Shangazi aliijua saa, wala jina hajalisikia maisha yake yote. Kila mmoja alikuwa na nusu ya elimu. Naye aliyesoma alipokubali kuwa mwanafunzi wa asiyesoma, mlango uliofungwa miezi mitano ulifunguka, bila faranka moja kutolewa. Kwa miezi ile yote alidhani kwamba jambo linalomzuia kurudi kwao ni umaskini. Kumbe ilikuwa haya.

Wengine watasema kwamba jiko ni la wanawake, na kwamba mwanamume aliyesoma akishika mwiko ajishusha mara mbili. Twajibu: wavuvi wa Tshangalele wakiwa kambini hujipikia wenyewe, wala hakuna anayewacheka. Basi si desturi inayokataza, ni kiburi cha daftari. Kiburi hicho ni cha kale. Aristotle, mwenye hekima wa Wagiriki, alifikiri kwamba maisha ya kazi za mikono hayafai kwa mtu mwungwana. Lakini Wakristu walichukua njia nyingine. Mtakatifu Paulo, mwanafunzi wa walimu wakubwa, alishona hema mjini Korintho ili ajilishe. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya sita, aliagiza kwamba ndugu wote wapokezane zamu ya jikoni, asiachwe mtu isipokuwa kwa ugonjwa au shughuli kubwa. Na wana wake ndio walioanza umisionari wao hapa Katanga mwaka 1910. Naye Bwana wetu mwenyewe, baada ya kufufuka, aliwangoja mitume wake kando ya ziwa asubuhi, na moto wa makala ulikuwa tayari, na samaki juu yake. Watu wa Tshangalele hawahitaji kuelezwa picha hiyo.

Deni la namna mbili

Sasa turudi kwa deni lenyewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino atufundisha kutenganisha deni na deni. Liko deni la haki kamili: umekopa kopo la unga, umerudisha kopo la unga, mmeachana. Liko pia deni ambalo hulipiki sawasawa hata ukitaka, kama lile tulilo nalo kwa Mungu na kwa wazazi. Aristotle huyo huyo alikwisha kukiri kwamba hakuna mtoto awezaye kuwarudishia wazazi kadiri ya walichompa. Deni la namna hii Tomaso analiweka chini ya fadhila ya kuwaheshimu na kuwatumikia wazazi.

Kosa la kijana wetu ni kuyachanganya haya mawili. Alifikiri kwamba anadaiwa jumla ya fedha, na kwamba asipokuwa na jumla hiyo asionekane. Lakini jumla hiyo haipo, wala haitakuwapo. Nani atahesabu asubuhi za mama ufukoni? Asemaye, "Nitakwenda nitakapokuwa na ya kutosha," hatakwenda kamwe. Deni lisilolipika huanzwa kulipwa mara moja, kwa kidogo kilichopo.

Si kwamba deni ni jepesi. Mwalimu Julius Nyerere, katika miaka ya 1960, alimfananisha aliyesomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichobaki, apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea kingine. Asipowaletea ndugu zake msaada, ni msaliti. Mfano huo ni mkali, na ni wa kweli. Lakini wauliza neno moja: ikiwa huko mbali hakukuta chakula, je, asirudi hata kuwaambia njia ilivyo? Hata habari ya njia ni mali kwa wenye njaa.

Kalamu

Hapo ndipo kijana yule alipofika. Jioni, sombe ikichemka, alianza kuandika ukurasa mmoja kila siku katika kaye, kwa Kiswahili: alichopika, alichotumia, alichojifunza. Aliona ajabu. Yeye aliyeandika kurasa nyingi za Kifaransa kwa ajili ya diploma, alishindwa kueleza kwa lugha ya mama yake kwa nini chumvi huzuia samaki kuoza. Maandishi yake ya kwanza yalikuwa kama bukari yake ya kwanza, mabuje. Alifuta, akarudia, akamsomea shangazi kwa simu, na pale shangazi alipouliza, "Maana yake nini?" alijua kwamba bado unga ni mbichi.

Siku moja aliandika juu ya jambo zito. Kwa miaka mingi maji machafu ya viwanda vya Likasi yameingia mto Panda, na kutoka Panda yameingia Lufira, na Lufira ndiyo inayolijaza ziwa. Mwaka 2010 wataalamu wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walichapa matokeo ya kupima shaba, kobalti, risasi na madini mengine katika mimea na samaki wa bonde la Lufira ya juu, nao waliyakuta humo. Lakini waliyaandika kwa Kifaransa cha wataalamu. Wale wanaowala samaki hao hawakuyasoma. Kijana aliyaelewa, maana ndiyo masomo yake. Akauandika ukurasa, akautuma kwa simu kijijini, usomwe na watoto wa shule kwa wakubwa.

Jibu lilikuja upesi, nalo halikuwa la furaha. Mama mmoja muuza samaki alimwambia: "Mwanangu, samaki hawa ndio waliokusomesha. Sasa unataka watu wa mjini waache kuwanunua?"

Tusipite haraka hapa, maana hili ndilo fundo la habari yote. Kijana alitaka kulipa deni kwa elimu yake, na elimu yake yatishia chungu cha wale anaowadai shukrani. Afanye nini? Akinyamaza, awatendea kama watu wasiostahili kujua wanachokula na kuwalisha watoto wao. Akisema ovyo, aweza kuwaangusha wauza samaki wote kwa neno moja, na kiwanda kilichomwaga maji kisiguswe na mtu. Mtakatifu Tomaso aliweka ukweli pia kati ya madeni ya mtu kwa mtu, kwa kuwa watu hawawezi kuishi pamoja wasipoaminiana. Basi ukweli ni deni, na shukrani ni deni. Hatuna ruhusa ya kulipa moja kwa kuiba katika jingine.

Kwa maoni yetu, njia ni hii. Ukweli usemwe, lakini usemwe wote, na usemwe kwa kwenda, si kwa kutuma. Kwa simu ulionekana kama tangazo la mtu aliye mbali na moshi. Ukweli mzima husema samaki wamekutwa na nini, na husema vilevile maji hayo yatoka wapi na nani anapaswa kuyasafisha. Husema pia lisilopimwa bado. Ukweli wa namna hiyo haumnyang'anyi mama kikapu chake. Wampa maneno ya kuwaambia wakubwa wa viwanda na wa Serikali, maneno ambayo peke yake asingeyapata. Na msemaji awe tayari kuketi nao, kula samaki pamoja nao, na kujibu maswali mpaka usiku.

Kijana alikwenda. Alikaa siku nne. Hatusemi kwamba wote walimkubali. Wengine hata leo humwita mleta hasara. Lakini wazee wawili walimwomba awaandikie barua, na shangazi alimfundisha kukausha samaki. Kazi ya mshahara hajaipata bado.

Neno kwa vijana na kwa wazazi

Enyi vijana mliosoma, msiidharau siku ya kushika mwiko. Anayejilisha kwa kidogo hawezi kununuliwa kwa urahisi. Mwajua usemi wa nchi yetu juu ya Kifungu cha 15, yaani kila mtu ajitafutie. Usemi huo umewaokoa wengi na njaa, lakini umewafundisha wengine kwamba kila njia ni halali, ilimradi usirudi nyumbani mikono mitupu. Sivyo. Afadhali mikono mitupu iliyo safi, inayojua kusonga bukari na kuandika barua ya mjane, kuliko mikono iliyojaa mali ya wengine. Tena msiruhusu mtu kuwatumia bure milele kwa jina la kujitolea. Dai mshahara pale unapostahili. Lakini usingoje mshahara ndipo uwe mtoto wa kwenu.

Nanyi wazazi, mlitoa sana, na Mungu ameona. Lakini mtoto si shamba la kuhesabiwa magunia. Akija, neno la kwanza lisiwe, "Umetuletea nini?" Neno hilo limewafanya vijana wema kuwa wezi, na limewafanya wengine kuwa wageni katika nyumba walimozaliwa. Mwulizeni kwanza kama amekula. Kisha mpeni kazi za nyumba na za kijiji: ahesabu fedha za kikundi cha wauza samaki, aandike barua kwa wakubwa, awasaidie wadogo zake masomo, naye apike kama wengine wanavyopika.

Nauli ya kutoka Likasi mpaka Kapolowe si kubwa. Kijana aliyekaa mwaka mzima bila kwenda kwao, na aende Jumapili hii.